Kituo cha afya kiko kilomita moja na nusu, lakini shemeji yangu amejifungulia kwa mulerwa (mkunga wa jadi): kweli tatizo ni umbali?

#1 Mwalimu wa Mwembeni

Habari zenu. Ninafundisha shule ya msingi katika wilaya moja ya Busoga, mashariki mwa Uganda, na nyumba ya kaka yangu iko karibu na shule hiyo. Kutoka mlangoni kwake hadi kituo cha afya cha daraja la III ni kilomita moja na nusu kwa njia tambarare, na kituo kina wodi ya wazazi, mkunga aliyesomea na taa za sola. Mke wa kaka yangu alihudhuria kliniki ya wajawazito mara tatu katika kituo hicho hicho. Hata hivyo, uchungu ulipomjia usiku wa Jumanne ya wiki jana, alikatiza shambani akaenda kwa bibi mmoja ambaye sisi huku tunamwita mulerwa, akajifungua mtoto wake wa nne salama. Nilipomwuliza kesho yake kwa nini hakwenda kituoni, alinijibu kwa ufupi kwamba kituoni ataenda kuchanjisha mtoto.

Tangu utoto wangu redio imekuwa ikituambia kwamba wanawake wa vijijini wanajifungulia nyumbani kwa sababu vituo viko mbali. Mimi sasa nadai kwamba umbali ni kisingizio cha watu wanaopenda kujenga majengo. Atakayenipinga anipinge kwa hoja.

#2 Hesabu Kwanza

Mwalimu, kabla hatujaenda mbali tuweke takwimu mezani. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wanawake 97 kati ya 100 walionwa na mhudumu aliyesomea angalau mara moja wakati wa ujauzito, wapatao 60 walihudhuria kliniki mara nne au zaidi, na 73 kati ya watoto 100 walizaliwa kituoni au hospitalini. Maana yake ni kwamba karibu kila mwanamke anaijua njia ya kituo na ameshaikanyaga kwa miguu yake, lakini mwaka huo zaidi ya robo ya watoto walizaliwa kwingine. Kama umbali ungekuwa sababu pekee, ungewazuia pia kwenda kliniki.

Nikiri pia kwamba hali imebadilika sana. Katika utafiti wa 2000 hadi 2001 waliozaliwa vituoni hawakufika 4 kati ya 10, na mwaka 2011 walikuwa 57 kati ya 100. Shemeji yako amekuwa sehemu ya wachache, ingawa ni wachache wengi mno kupuuzwa.

#3 Boda wa Usiku

Ndugu Hesabu, kliniki mtu huenda saa tatu asubuhi akiwa amevaa vizuri, ameshika mwavuli na siku ameichagua mwenyewe. Uchungu hauchagui siku. Mimi ni mwendesha bodaboda tangu 2011, na nawaambia kwamba kilomita moja na nusu ya mchana na kilomita moja na nusu ya saa nane usiku ni safari mbili tofauti kabisa. Usiku kuna mbwa, kuna mvua, kuna walevi, na kuna sisi wenyewe ambao wengi huzima simu kwa sababu tunaogopa kuporwa pikipiki. Anayekubali kutoka hutoza mara mbili au tatu ya nauli ya mchana, nami sijitoi katika hilo.

Halafu mjaribu kumkalisha mwanamke mwenye uchungu juu ya pikipiki kwenye barabara yenye makorongo. Wawili walijifungua kabla sijafika, mmoja kando ya shamba la miwa na mwingine kwenye lango la kituo, na lango lenyewe lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Kwa hiyo Mwalimu, umbali upo, ila hamwupimi kwa kilomita.

#4 Mama Wawili wa Busia

Asante kwa uzi huu. Mimi nitasema jambo ambalo wanaume hawalioni, nalo ni orodha. Serikali iliondoa ada katika vituo vya umma mwaka 2001, na ukiuliza utaambiwa kwamba kujifungua ni bure. Lakini kliniki ukikaribia mwezi wa tisa unaambiwa uje na beseni, karatasi ngumu ya plastiki ya kulalia, pamba, glavu, wembe, uzi wa kufungia kitovu, sabuni, dawa ya kusafishia sakafu, leso mbili, nguo za mtoto, na chakula cha anayekusindikiza. Mama Kit, ule mfuko wenye vifaa hivyo ambao ulikusudiwa kugawiwa, mara nyingi huambiwa umekwisha, kisha unaukuta unauzwa dukani barabarani.

Mtoto wangu wa kwanza nilijifungulia kituoni nikiwa na kila kitu. Wa pili alikuja wakati mihogo ilikuwa imeharibika na mume wangu hakuwa na kazi, na nilikuwa na kaveera, mfuko wa plastiki wa kawaida wa dukani, na wembe mmoja. Musawo, yaani mhudumu wa afya, alikitazama kifurushi changu mbele ya wanawake wengine akauliza kama nimekuja kujifungua au kununua sukari. Walicheka. Alinizalisha vizuri, sikatai, na mtoto yuko darasa la pili sasa, lakini kicheko kile bado nakisikia. Mwanamke wa jirani yangu aliposikia kisa changu alijifungulia kwake chumbani mwezi uliofuata. Yeye hakuogopa kilomita wala kukosa fedha, aliogopa kufungua kifurushi chake mbele za watu.

#5 Mkunga wa Zamu

Nimekuwa nikisoma kimya, lakini hapa lazima niingie. Dada wa Busia, pole kwa uliyotendewa, na sitamtetea mwenzangu kwa maneno yale. Naomba tu mjue zamu ya usiku inavyokuwa. Katika kituo nilichofanyia kazi kwa miaka sita tulikuwa wakunga wawili, maana yake usiku nilikuwa peke yangu na mlinzi. Niliwahi kuwa na wanawake watatu wenye uchungu kwa pamoja, mmoja akisukuma, mwingine akitokwa damu baada ya kujifungua, na wa tatu akilia kwamba hakuna anayemjali, na kweli hakuna aliyemjali kwa dakika zile arobaini. Tochi ya simu nilikuwa nimeibana kwa meno. Sindano ya oksitosini, ambayo ndiyo inayozuia damu kumwagika baada ya mtoto kutoka, inatakiwa kukaa kwenye baridi, na friji ya gesi ilikuwa haina gesi.

Tukiwaagiza mje na glavu hatufanyi biashara. Zikiisha katikati ya mwezi tuna njia mbili tu: tuwaombe mje nazo, au tuwashike kwa mikono mitupu na kila mmoja aondoke na hofu yake.

Hilo halifuti jambo moja la kitabibu. Mulerwa anaweza kumpokea mtoto anayekuja vizuri, na wengi wao huja vizuri. Damu ikianza kumwagika hana la kufanya, na mwanamke anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Shemeji wa Mwalimu alijifungua salama kwa sababu mambo hayakuharibika, na hakuna aliyejua mapema kwamba hayataharibika.

#6 Mzee wa Bombo

Nawasalimu wote. Mkunga, binti yangu, unasema kweli, lakini usiwaseme vibaya akina mulerwa kama kwamba walijitokeza tu porini. Serikali hii hii iliwakusanya miaka ya themanini na tisini, ikawafundisha kukata kitovu kwa wembe mpya, ikawapa mabeseni na vyeti. Mama yangu mdogo alikuwa na cheti hicho ukutani, kimewekewa fremu kabisa. Kisha mwaka 2001 wakaambiwa waache, kwamba ni marufuku. Alikitoa ukutani, lakini wanawake hawakuacha kugonga mlango wake, na kwa umri wake hakuwa na moyo wa kumfukuza mtu usiku.

Kama mtu ameaminishwa na wakubwa kwa miaka ishirini kwamba huyu ni mtaalamu wa kijiji, huwezi kumwondolea imani hiyo kwa tangazo la redio.

#7 Hesabu Kwanza

Shikamoo Mzee. Naomba kusahihisha mwaka. Mwaka 2001 ni ule ambao ada ziliondolewa, kama alivyosema Mama Wawili katika #4. Wizara iliwapiga marufuku wakunga wa jadi mwaka 2010. Mafunzo yao yalikuwa yameanza kupoa kabla ya hapo, kwa sababu mashirika ya kimataifa yaliona kwamba kuwafundisha hakupunguzi vifo vya akina mama kama ilivyotarajiwa.

Niongeze kwamba hata huko nyuma wapo waliojaribu njia ya kati. Huko Iganga, mwaka 1996, kulianzishwa mradi uliowapa wakunga wa jadi redio za mawasiliano ili waite gari la kituo wanapoona hatari. Mulerwa hakufukuzwa, aliunganishwa na waliomzidi uwezo.

#8 Mzee wa Bombo

Marahaba. Nakubali, ni 2010. Mzee akikosea mwaka mmsamehe, akikosea jambo lenyewe mumpige.

#9 Binti wa Milimani

Huku kwetu Kigezi, kwenye milima ya kusini magharibi, Boda wa Usiku hana kazi, kwa sababu pikipiki haipandi kila mahali. Mgonjwa au mwanamke mwenye uchungu hubebwa kwa engozi, machela ya kusukwa inayobebwa mabegani na wanaume wanaopokezana. Tangu zamani kila kijiji kina chama cha engozi, na kila kaya ni mwanachama, inachangia fedha na inatoa mbebaji. Usipowabeba wenzako, wako hatabebwa, na asiyeshiriki hutozwa faini. Vyama hivyo vilikuwa na nguvu kiasi kwamba hospitali ya jamii ya Bwindi ilipoanzisha bima yake ya afya mwaka 2010 iliijenga juu ya vyama hivyo, kwa sababu watu walikuwa wameshazoea kuchangia kabla ya kuugua. Hospitali hiyo pia ina hosteli ambako mjamzito aliyekaribia siku zake hukaa akisubiri, ili asije akabebwa mlimani usiku wa mvua.

Nasema haya kwa sababu Mwalimu anaona umbali ni kisingizio. Kwake Busoga ardhi ni sahani. Aje atembee hapa na tumbo la miezi tisa, halafu arudi kuandika #1 upya.

#10 Boda wa Usiku

Binti wa Milimani, umeniachisha kazi hadharani! Lakini hiyo engozi haina petroli wala bei ya usiku, kwa hiyo nakubali nimeshindwa.

#11 Hajati wa Arua

Asalaam aleykum. Mnazungumza kama kwamba mwanamke mwenye uchungu huamka, akafikiri, akachagua. Mimi ni mama wa watoto sita na bibi wa wajukuu kumi na mmoja, na mara tatu za kwanza nilipojifungua sikuulizwa lolote. Aliyeamua alikuwa mama mkwe, naye mume alikuwa na kazi moja ya kutoa au kutotoa fedha ya nauli. Mwanamke asiye na shilingi yake mwenyewe na asiyeweza kuuza hata kuku bila ruhusa, mnamwuliza kwa nini hakwenda kituoni? Mwulizeni mwenye kuku.

Kuna na mambo ambayo musawo huyaita ushirikina, na mimi nayaita adabu. Sehemu nyingi za nchi hii kondo la nyuma halitupwi. Baganda walilihesabu kuwa kama mtoto wa pili na wakalizika chini ya mgomba. Hospitalini linaingia kwenye ndoo, kisha kwenye shimo ambalo hulijui. Kuna namna ya kukaa pia: bibi zetu walijifungua wamepiga magoti au wamechuchumaa wameshika kitu, na huko Karamoja ndivyo wengi wanavyotaka hadi leo, lakini kituoni unaamriwa ulale chali kama samaki sokoni. Na kuna heshima ya kujifungua kimya. Kijijini mwanamke aliyejifungua peke yake bila kulia husifiwa kama askari aliyerudi vitani, hasa kama si uzazi wake wa kwanza. Kukimbilia kituoni kwa mtoto wa nne kunaweza kuonekana uoga. Mwalimu, hukusema shemeji yako huyu ni wa nne?

#12 Hesabu Kwanza

Hajati ameona nilichokipitia haraka. Takwimu zinaonyesha hivyo hivyo: mtoto wa kwanza huzaliwa kituoni zaidi kuliko wa nne na kuendelea, na mama aliyesoma sekondari huenda kituoni zaidi kuliko asiyesoma kabisa. Ila tusiharakishe kusema elimu ndiyo sababu, kwa kuwa aliyesoma mara nyingi ana fedha pia, na anaishi karibu na barabara, na ana mume mwenye simu. Ni vigumu kuvitenganisha vitu vinavyotembea pamoja.

#13 Mkunga wa Zamu

Kuhusu kuchuchumaa, Hajati, una haki. Tunafundishwa siku hizi kwamba mama achague namna anayojisikia, na hakuna sababu ya kitabibu ya kumlazimisha alale chali kama kila kitu kinakwenda vizuri. Tatizo ni kwamba kitanda kilichopo kimetengenezwa kwa ajili ya kulala chali, na mgongo wa mkunga mmoja hauwezi kuinama sakafuni mara tano kwa usiku. Kuhusu kondo, mimi huwapa wanaoliomba, ndani ya kaveera, na sijawahi kuona ubaya wake.

Lakini samahani, kusifia ukimya kumeua watu. Nimeletewa mwanamke ambaye kijiji kizima kilimsifu kwa siku mbili kwamba halii, kumbe mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni na kizazi kimeanza kupasuka.

#14 Hajati wa Arua

Sijasifia, mwanangu. Nimeeleza. Binti zangu wote wanne walijifungulia hospitalini na niliwapeleka mwenyewe, tena wa mwisho nilimsukuma kwa nguvu.

#15 Msafiri wa Nakivale

Natoka Kivu, Kongo, niko kambi ya wakimbizi ya Nakivale tangu 2013. Sijaona mtu akitaja lugha. Mke wangu alipofika kituo cha kwanza hapa Uganda alikuwa hajui Kinyankore, Kiganda wala Kiingereza, na mkunga hakujua Kiswahili isipokuwa maneno ya amri aliyoyasikia kwa askari: kaa, simama, haraka. Kwa mama mwenye uchungu, amri tatu za kijeshi hazifariji. Tulipopata wahudumu wa afya wa jamii wanaotafsiri, wanawake wenzetu walianza kwenda wengi kuliko wenyeji wa vijiji vya jirani, kwa sababu kambini huduma iko karibu, ni ya bure kweli, na mtoto akizaliwa kituoni anapata karatasi ya kuzaliwa bila matatizo. Kwa mkimbizi karatasi ni chakula. Inawezekana basi kwamba mahali pa kujifungulia huamuliwa pia na kile utakachotoka nacho mkononi.

#16 Mwanasheria Mchanga

Hoja ya karatasi ni nzito. Katika gombolola (kata) moja ninayoifahamu viongozi walipitisha faini kwa anayejifungulia nyumbani. Matokeo yake, waliojifungua nyumbani walianza kuwaficha watoto hata siku za chanjo, wakiogopa kuulizwa mtoto alizaliwa wapi.

Kisheria mzigo uko upande mwingine. Mwaka 2011 shirika la CEHURD, linalotetea haki ya afya, na wenzake walifungua shauri la kikatiba namba 16 kufuatia vifo vya akina mama wawili waliofika hospitali za serikali wakiwa na uchungu na wasihudumiwe ipasavyo. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ililitupa ikisema ni suala la siasa, mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikaamuru lisikilizwe, na tarehe 19 Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja katiba. Akina mama hao wawili walitii redio ya Mwalimu, na mauti yaliwakuta baada ya kufika.

Mwaka huo huo wa 2020 tuliona majaribio ambayo hakuna mtafiti angethubutu kuyafanya. Machi usafiri wa umma ulisimamishwa kwa sababu ya korona, magari binafsi yakafuata, na mjamzito alitakiwa kupata kibali cha mkuu wa wilaya anayemwakilisha rais ili asafirishwe. Katikati ya Aprili Rais aliwaondolea wajawazito sharti hilo, lakini wapo ambao walikuwa wameshatembea usiku kwa miguu. Ukiondoa pikipiki, umbali unarudi.

#17 Mwalimu wa Mwembeni

Nawashukuru. Nimerudi nyuma hatua moja, nakubali kwamba "kisingizio" lilikuwa neno kali. Lakini bado hamjaeleza jambo ninaloliona kila wiki: wanawake wa kijiji changu wenye fedha kidogo hupita mbele ya kituo chetu na kwenda hospitali ya misheni iliyoko kilomita kumi na nane, wakalipa. Hao wameongeza umbali kwa hiari yao. Maskini anakwenda kwa mulerwa, mwenye nafuu anakwenda misheni, na kituo kilicho katikati kinakwepwa na wote wawili.

#18 Mama Wawili wa Busia

Misheni wanakuita kwa jina lako.

#19 Mkunga wa Zamu

Misheni wana chumba cha upasuaji pia, Mwalimu. Kituo cha daraja la III hakikusudiwi kufanya upasuaji, hicho ni cha daraja la IV, na hata daraja la IV unaweza kukuta chumba kipo na meza ipo lakini mtu wa nusukaputi hayupo, au damu ya kuongezea haipo. Mwanamke anayejua hivyo huona afadhali aanzie pale atakapomalizia, kuliko kuanza kwetu, kupewa rufaa saa tisa usiku, kuambiwa ambulensi haina mafuta, na kumtafuta Boda. Kwa hiyo anayetukwepa anaweza kuwa ndiye aliyepiga hesabu sawasawa, na inaniuma kuandika hivyo.

#20 Hesabu Kwanza

Takwimu zinamuunga mkono Mkunga. Kati ya 2011 na 2016 waliojifungulia vituoni walipanda kutoka 57 hadi 73 kati ya 100, lakini vifo vya watoto wachanga wa chini ya mwezi mmoja vilibaki pale pale, 27 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Tuliwahamisha akina mama kutoka nyumbani, na waliyoyakuta hayakutosha kuwaokoa wachanga zaidi. Kwa akina mama wenyewe hali ilikuwa nafuu, kwani makadirio ya vifo yalitoka 438 mwaka 2011 hadi 336 mwaka 2016 na 189 mwaka 2022, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai.

#21 Boda wa Usiku

Hizo zote nzuri, lakini nina ushahidi wangu. Binamu yangu aliendesha boda huko Kamuli wakati watu wa Chuo Kikuu cha Makerere walipogawa vocha kule na Pallisa, kuanzia mwishoni mwa 2009. Mwanamke alikuwa na karatasi, anampa dereva, dereva analipwa baadaye, na kituo nacho kinalipwa. Wodi zilijaa hadi wengine walilala chini. Mkunga alikuwa yule yule, ukali ule ule, na kondo likiingia ndoo ile ile. Kilichobadilika ni nauli na malipo tu. Hajati na Dada wa Busia, aibu na mila zilikwenda wapi miezi ile?

#22 Hesabu Kwanza

Ni kweli, uzazi katika vituo vya eneo la vocha uliongezeka zaidi ya mara mbili. Ila umesema nusu, Ndugu Boda: vituo vilipewa pia vifaa na mafunzo, kwa hiyo si nauli peke yake. Fedha za nje zilipoisha, watafiti hao hao walibadili njia na kuhimiza vikundi vya kuweka akiba na makubaliano na waendesha boda, kwa sababu vocha isiyo na mlipaji ni karatasi tu.

#23 Hajati wa Arua

Zilikwenda nyuma ya mlango, mwanangu, zikisubiri vocha iishe. Na ujue kwamba karatasi ile ilikuwa mkononi mwa mwanamke. Kwa mara ya kwanza hakuhitaji kuomba ruhusa ya kuku. Wewe unaona nauli, mimi naona mamlaka.

#24 Mzee wa Bombo

Hajati kamaliza mchezo kwa goli la kichwa.

#25 Msafiri wa Nakivale

Kuna jambo lingine linaogopwa kutajwa. Kliniki wanawake hupimwa virusi vya ukimwi, na huhimizwa waje na waume zao wapimwe pamoja. Aliyekuja na mume huhudumiwa kwanza. Nawajua wanawake waliomkodi shemeji au jirani ajifanye mume. Asiye na wa kumkodi, au anayejua majibu yake na mume hajui, ana sababu ya kutoonekana akipewa vidonge mbele ya wodi nzima. Kwa mulerwa hakuna daftari.

#26 Mkunga wa Zamu

Hilo ni kweli na linatusumbua, kwa maana mama huyo hasa ndiye anayehitaji kuwa nasi, ili mtoto apewe dawa ya kinga mapema. Kumpa kipaumbele aliyekuja na mume kulikusudiwa kuwavuta wanaume, na badala yake kumewasukuma nje wajane na walioachwa.

#27 Mwalimu wa Mwembeni

Jana jioni nilimwomba kaka yangu ruhusa, nikakaa na shemeji tukachambua maharage, nikamwuliza tena taratibu. Kwanza alisema ni usiku. Baadaye akasema beseni lilikuwa limepasuka na aliona haya kuazima. Mama mkwe wangu wa heshima, ambaye ni mama yangu mzazi, alipotoka nje, shemeji akasema kwamba mama ndiye aliyemwambia watoto watatu wametosha kumfundisha, wa nne asisumbue watu. Na nilipokuwa nasimama kuondoka, akasema kwamba safari iliyopita kituoni alishonwa bila ganzi na akafokewa alipolia. Sikujua. Tunaishi boma moja na sikujua.

Siwezi kuwaambia ipi ni sababu na ipi ni maelezo ya baadaye. Alizitaja zote kwa sauti ile ile.

#28 Mama Wawili wa Busia

"Mama mkwe wangu ambaye ni mama yangu mzazi"! Mwalimu, wewe unafundisha somo gani hapo shuleni? Huyo ni mkwe wa shemeji yako.

#29 Mwalimu wa Mwembeni

Hisabati. Nisameheni.

#30 Mkunga wa Zamu

Mwalimu, nimehesabu siku. Kama alijifungua Jumanne ya wiki iliyotangulia uzi huu, leo ni siku ya kumi na mbili. Matone ya kwanza ya polio hutolewa mtoto anapozaliwa na yasipite wiki mbili. Je, ameshapelekwa?

#31 Mwalimu wa Mwembeni

Bado. Anaogopa kuulizwa alizaliwa wapi, kama alivyosema Mwanasheria katika #16.

#32 Mkunga wa Zamu

Aende kesho asubuhi mapema kabla foleni haijawa ndefu, nawe umsindikize. Wakimwuliza, aseme ukweli kwamba ni nyumbani, kisha wewe usimame karibu wakuone. Achunguzwe na yeye mwenyewe, si mtoto tu: joto, damu, na kule aliposhonwa zamani.

#33 Boda wa Usiku

Kama ni upande wetu ningemchukua bure.

#34 Mwalimu wa Mwembeni

Tutatembea, ni kilomita moja na nusu. Beseni jipya nimeshanunua, ingawa kaka yangu anauliza ni la kazi gani sasa.